Magunia 12 kati ya 80 yameoza, mbona Java inasema asilimia sifuri?

Swali limetoka kwa kijana wa chuo, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Niko Iringa mwaka wa pili. Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa viazi Njombe, nikamwandikia kiprogramu cha Java kimsaidie mahesabu. Magunia 12 kati ya 80 yameoza ila asilimia inatoka 0. Risiti inaandika Jumla: 4500015000. Nikijaribu mapato ya msimu mzima inatoka namba yenye alama ya kutoa mbele, kama vile kikundi kinadaiwa. Halafu nimetengeneza klasi ya Mzigo, nikitaka kujumlisha mizigo miwili kwa + inakataa, si wanasema Java ni lugha ya objekti? Shangazi ananicheka, anasema kalkuleta ya kitochi chake inapata yote."

Marahaba mdogo wangu, na kamwene kwa shangazi, mwambie kwenye hili la kukucheka yuko sahihi kabisa ila kosa sio lako peke yako, kila mtu aliyeanza Java kapita hapo, na mimi nimepita nikiwa tayari nalipwa hela ya watu, nitakusimulia huko mbele.

Ukiangalia vizuri maswali yako yote manne ni kitu kimoja. Wewe unaangalia alama, unaona / unasema "hii ni gawanya", unaona + unasema "hii ni jumlisha". Java haiangalii alama kwanza. Inaangalia nani kakaa kushoto na nani kakaa kulia, ni int (namba nzima), ni double (namba ya desimali), ni stringi (maandishi), ndio inaamua hiyo alama ifanye kazi gani. Kwahiyo / iliyo katikati ya int mbili na / iliyo katikati ya double mbili ni mashine mbili tofauti zilizovaa nguo moja.

Tuanze na viazi vilivyooza. Naamini uliandika hivi:

double asilimia = 12 / 80 * 100;

Mara na gawanya zina cheo sawa, na zikiwa sawa Java inakwenda kushoto kwenda kulia, kwahiyo inaanza 12 / 80. Pande zote mbili ni int. Int ikigawanywa na int jibu ni int, basi, hakuna mjadala. Jibu halisi ni 0.15, lakini int haijui lumbesa, kinachozidi mdomo wa gunia kinakatwa chote kinamwagwa chini, kinabaki 0. Halafu sifuri mara mia ni sifuri. Baada ya hapo ndio Java inaona kumbe anataka double, inakupa 0.0 kwa heshima zote. Watu wengi wanakwama hapa hapa, wanadhani wakiandika double kushoto kwenye kigeuzi, yaani lile jina linalotunza jibu, basi hesabu yote itakuwa ya desimali, hapana, hesabu inaisha kwanza upande wa kulia ndio inapelekwa kwenye kigeuzi, na ulichomwaga shambani huwezi kukikuta sokoni.

Ukigeuza mpangilio ukaandika 12 * 100 / 80 utapata 15, safi, lakini hiyo ni bahati tu. Yakioza 13 utapata 16 wakati jibu ni 16.25. Dawa yake ni kuhakikisha upande mmoja ni double kabla ya gawanya haijafika:

double asilimia = 13 * 100.0 / 80;

Hiyo nukta sifuri ndio kila kitu. Upande mmoja ukiwa double, mwingine nao unapandishwa kuwa double, na jibu linakuwa double. Kama una vigeuzi sio namba kavu, unaweka (double) mbele ya kimoja, mfano (double) vilivyooza * 100 / jumla. Ila angalia mabano, (double) (945 / 10) inakupa 94.0 sababu umegawanya kwanza ukiwa int halafu ndio ukabadilisha, wakati (double) 945 / 10 inakupa 94.5. Na kukata sio kukadiria, 16.99 ukiweka (int) inakuwa 16, ukitaka ya karibu tumia Math.round.

Sasa hiyo stori yangu. Kuna mtu ana mashine ya kukoboa mpunga huko upande wa Mbarali, alinipa kazi ya kumtengenezea programu ya kulipa vibarua kwa saa. Muda nilikuwa natunza kwa dakika, malipo saa moja 1,500, nikaandika dakika / 60 * malipo, nikajaribu na dakika 480, ikatoka 12,000, nikafurahi nikakusanya hela yangu nikarudi Mbeya. Kibarua aliyefanya dakika 590 programu ikamlipa 13,500, kumbe 590 / 60 ni 9, zile dakika 50 zimekatwa. Alitakiwa alipwe 14,750. Yaani 1,250 kwa siku moja kwa mtu mmoja, zidisha na vibarua wote mpaka mwisho wa mwezi. Waliokuja juu ni vibarua, na walipiga hesabu kwa kijiti chini kwenye vumbi wakanishinda mimi na laptopu yangu. Nilibadilisha mpangilio tu, dakika * malipo / 60, kuzidisha kwanza kugawanya mwisho, ikakaa sawa. Tangu siku hiyo sijaribu programu na namba inayogawanyika vizuri, najaribu na namba mbaya mbaya.

Haya, deni la kikundi. Int ya Java ina biti 32, mwisho wake juu ni 2,147,483,647 na chini ni -2,147,483,648. Hiyo ni bilioni mbili na kidogo tu, ukiwa unahesabu shilingi zetu sio mbali. Tuseme msimu mzima magunia 36,000 kwa 75,000 kila moja, hiyo ni 2,700,000,000, haitoshi kwenye int. Java haikupigii kelele, haisimami, inazunguka kama saa ya ukutani, ikipita kumi na mbili inarudi moja, tofauti ni kwamba hii ikipita juu kabisa inarudi chini kabisa kwenye hasi. Unapata -1,594,967,296. Hapo shukuru Mungu imetoka hasi, umeshtuka. Magunia yangekuwa 72,000 ungepata 1,105,032,704, namba imetulia, haina alama yoyote ya kutia wasiwasi, wakati ukweli ni 5,400,000,000. Hiyo ndio mbaya zaidi, shangazi angeisoma kwenye mkutano mbele za watu na hakuna ambaye angeshtuka mpaka hela zihesabiwe.

Utaniambia basi naweka long. Sawa, long ina biti 64, inafika 9,223,372,036,854,775,807, viazi vya nchi nzima havifiki huko. Lakini rudi kwenye kile nilichosema mwanzo:

long mapato = magunia * bei;

Kama magunia na bei zote ni int, kuzidisha kunafanyika kwa int, namba inaharibika kwanza, halafu ile iliyoharibika ndio inahamishiwa kwenye long. Nyumba kubwa haimponyi mgonjwa. Andika (long) magunia * bei, au bora zaidi tangu mwanzo bei iwe long. Na kama unataka Java ipige kelele badala ya kunyamaza, toka Java 8 ya mwaka 2014 kuna Math.multiplyExact na Math.addExact, hizo zikizidiwa zinatupa ArithmeticException, programu inasimama. Kwenye hela za watu mimi nazitumia, bora isimame kuliko idanganye.

Na usijione mjinga kwa hili. Maktaba ya Java yenyewe, ile methodi (kipande cha kodi chenye jina) ya kutafuta ndani ya safu, yaani orodha, iliyopangwa, Arrays.binarySearch, ilikuwa inatafuta katikati kwa kuandika (chini + juu) / 2, na kwenye safu kubwa sana, kuanzia kama bilioni moja hivi, hiyo jumla inazidi int inageuka hasi. Ilikaa miaka watu wanaitumia dunia nzima mpaka Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyeiandika, akatangaza kosa hilo mwaka 2006. Kitu cha jumlisha na gawanya kwa mbili tu, darasa la tatu.

Risiti nayo ni fupi. Uliandika "Jumla: " + 45000 + 15000. Kushoto kwenda kulia, ya kwanza ni stringi + namba, na stringi ikiwa upande wowote basi + inaacha kujumlisha inakuwa gundi. Ikabandika "Jumla: 45000", halafu ikabandika 15000 mwishoni. Weka mabano, "Jumla: " + (45000 + 15000), utapata 60000. Cha kuchekesha ukianza na namba, 45000 + 15000 + " shilingi", inatoka 60000 shilingi bila mabano, sababu wakati + ya kwanza inafanya kazi stringi ilikuwa haijafika. Ndio maana mtu anasema "jana ilikuwa inafanya kazi leo imegoma", kumbe leo kahamisha neno mbele. Ukijaribu "Jumla: " - 15000 kompaila, ile inayokagua na kutafsiri kodi yako kabla haijaendeshwa, inakataa hapo hapo, gundi ni + peke yake. Na kama unataja rundo ghalani kwa herufi, 'A' + 1 haikupi B, inakupa 66, maana char (herufi moja) kwenye hesabu ni namba tu, A ni 65. Ukitaka B andika (char) ('A' + 1).

Hujauliza kuhusu % lakini kwenye kazi ya shangazi utaihitaji kuliko unavyofikiri, sio alama ya asilimia hiyo, ni baki. Kama kenta inabeba magunia 60 na una 125, basi 125 / 60 ni kenta 2 zilizojaa na 125 % 60 ni magunia 5 yanayolala. Hapo ile tabia ya int kukata ndio unaipenda sasa. Kutoa chenji ni hivyo hivyo, 37,000 gawanya kwa 10,000 unapata noti 3, baki 7,000, noti moja ya 5,000, baki 2,000, umemaliza. Tahadhari ni moja tu, kwenye hasi. Java baki inafuata alama ya namba ya kushoto, -7 % 3 ni -1. Ukiwa na safu ya siku 7 za wiki na unarudi nyuma siku tatu kutoka siku namba 1, (1 - 3) % 7 ni -2, ukiitumia kama nafasi kwenye safu programu inaanguka. Tumia Math.floorMod(1 - 3, 7), inakupa 5. Na usishangae rafiki yako wa Python akikwambia kwake -7 % 3 ni 2, kwake ni kweli, lugha hazijakubaliana.

Kugawa kwa sifuri nako kuna nguo mbili. 80 / 0 kwa int programu inaanguka na ArithmeticException. 80.0 / 0 haianguki, inakupa Infinity, na 0.0 / 0 inakupa NaN, maana yake sio namba, halafu hiyo NaN ikiingia kwenye jumla inachafua kila kitu kinachofuata kama kiazi kimoja kilichooza ndani ya gunia. Siku ambayo hakuna mzigo uliopimwa, wastani wako utakuwa hivyo, kwahiyo angalia kwanza kama idadi ni sifuri.

Sasa najua utakimbia ukaweke double kila mahali. Usifanye hivyo kwenye hela. Double inatunza namba kwa mfumo wa mbili, na 0.1 kwenye mfumo wa mbili haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho kwetu sisi, kwahiyo inatunzwa ya karibu karibu. Jumlisha 0.1 mara kumi utapata 0.9999999999999999 sio 1. Kilo na asilimia weka double hamna shida. Hela weka long kwa shilingi nzima, nani anatoa senti siku hizi. Kama lazima kuwe na desimali kwenye hela kuna BigDecimal, na uitengeneze kwa stringi, new BigDecimal("0.1"), ukimpa 0.1 kavu unamkabidhi namba ambayo tayari ina kasoro.

Kuna mtego mwingine mdogo ila mchungu, +=. Watu wanafundishwa jumla += x ni sawa na jumla = jumla + x. Karibu sawa. Kama jumla ni int na x ni 0.5, ya pili kompaila inaikataa, ya kwanza inaikubali na inakata kimya kimya. Anza na jumla sifuri, ongeza 0.5 mara kumi kwa +=, mwisho unakuta 0. Nusu kilo kumi zimepotea na hakuna aliyeonywa. Mi hapa naona waliotengeneza walikosea tu, nasema wazi.

Tuje kwenye Mzigo, hili swali lako nimelipenda. Java ni lugha ya objekti ndio, yaani vitu unavyotengeneza kwa klasi kama Mzigo wako, lakini int, long, double, char na wenzao sio objekti. Ni namba tupu. Na alama za hesabu ni za hao tu, pamoja na stringi ambayo ilipewa upendeleo kwenye +. Objekti nyingine yoyote, hata BigDecimal ambayo ni namba kabisa, haina alama, lazima uiite kwa methodi, a.add(b), a.multiply(b). Sio kwamba haiwezekani, C++, Python, Kotlin na C# zinakuruhusu uamue + ifanye nini kwenye klasi yako. James Gosling aliyeanzisha Java pale kampuni ya Sun, lugha ikatoka 1995, aliiacha makusudi kwa sababu alikuwa ameona watu wakiitumia vibaya kwenye C++. Mi huwa namtetea. Jiulize, Mzigo + Mzigo ni nini, unajumlisha kilo, bei, au magunia? Na Mzigo * Mzigo je? Ukiandika methodi unalazimika kuipa jina:

Mzigo unganisha(Mzigo mwingine) {
    return new Mzigo(kilo + mwingine.kilo, gharama + mwingine.gharama);
}

Ila kwa BigDecimal namlaumu, hesabu ya a.add(b).multiply(c) inasomeka kama anwani ya mtu.

Ukitaka kuona lugha iliyochukua habari ya objekti mpaka mwisho angalia Smalltalk, ya miaka ya 1970, pale hata 3 ni objekti na + ni ujumbe unatumiwa. Matokeo yake 3 + 4 * 2 inakuwa 14, sio 11, maana ujumbe unapokelewa kwa foleni, mara haina cheo kuliko jumlisha. Mwalimu wa hesabu angezimia.

Kama umeshaona Integer yenye I kubwa, hiyo ni objekti, ni int iliyofungwa kwenye mfuko, Java inaifungua yenyewe ukiweka +. Mfuko ukiwa hauna kitu, null, hapo kwenye + utapata NullPointerException na utatafuta sana kosa liko wapi maana mstari unaonekana ni jumlisha ya kawaida. Na usizilinganishe kwa ==, namba kuanzia -128 mpaka 127 zitasema ni sawa, ukifika 128 kwa kawaida zinasema sio sawa, sababu hapo unalinganisha mifuko badala ya kilichomo. Tumia equals.

Sasa ukishaandika unganisha, kumbuka haibadilishi mzigo wa kwanza, inarudisha mpya. Ukiandika jumatatu.unganisha(jumanne), peke yake, hesabu imefanyika na jibu limetupwa, na BigDecimal iko hivyo hivyo. Lipokee:

Mzigo wote = jumatatu.unganisha(jumanne);

Badilisha hayo, halafu ingiza magunia 13 kati ya 80 na magunia 72,000 kwa 75,000. Ikitoka 16.25 na 5,400,000,000 mpelekee shangazi aje na kitochi chake mlinganishe.